Deni la Aliyehamisha Mche

Mwezi huu twapenda kufikiri pamoja na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo mtu akilitazama juu juu ataliona dogo mno kuitwa swali la maadili. Nalo ni hili: mtu akiutoa mche wa maua katika chombo chake cha zamani na kuupanda katika chungu kipya, adaiwa nini na mche ule? Na deni hilo, kama lipo, hulipwa kwa kutenda mengi, au kwa kuuzuia mkono usitende?

Tumechagua mche wa poinsetia, kwa kuwa hapa Mazimbu, chini ya milima ya Uluguru, si mgeni machoni pa watu. Ndio ule ambao majani yake ya juu hugeuka kuwa mekundu sana, hata asiyeujua hudhani kwamba hayo ndiyo maua yake. Kumbe maua yenyewe ni vile vidude vidogo vya manjano vilivyokaa katikati. Wekundu wote unaovizunguka ni majani tu yaliyovaa nguo ya sikukuu. Ukipandwa ardhini, penye jua na nafasi, hukua hata ukampita mtu kwa kimo, na watu huuacha kando ya uzio wasiufikirie tena. Lakini wengi huununua ungali mdogo, katika kiriba au kopo, wakauweka barazani. Na hapo ndipo swali letu lianzapo.

Kwanza na tueleze mambo yatukiayo, maana hukumu isiyotanguliwa na kuyajua mambo ni porojo. Mche uliokaa muda mrefu katika chombo kidogo hukijaza chote kwa mizizi. Mizizi huzunguka pembezoni kama ng'ombe aliyefungwa kambani. Maji yakimwagwa hupita upesi na kutokea chini. Mche haukui tena. Basi hapo yafaa kuuhamisha. Mwenye ujuzi huchagua chungu kilichozidi kile cha kwanza kwa upana wa vidole viwili hivi, chenye matundu chini. Hutia udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza kabisa. Huutoa mche pamoja na udongo wake, asiuvute kwa shina, akauweka kwa kina kile kile ulichokuwa nacho. Hushindilia udongo kwa vidole, si kwa ngumi. Humwagilia maji mara moja mpaka yatokee chini. Kisha huuweka mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali. Mpaka hapa kazi ni nyepesi, na mtoto wa shule aweza kuimaliza kwa nusu saa.

Taabu huja kesho yake. Mche hulegea. Majani yaliyokuwa yamesimama huinama kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa, na siku ya tatu au ya nne majani ya chini hugeuka manjano, moja likaanguka, kisha la pili. Mwenye mche huona hayo na moyo wake hushtuka. Afanye nini? Hufanya afanyavyo kila mtu mwema: huchukua kopo la maji.

Lakini sababu ya kulegea kule, mara nyingi, si uhaba wa maji. Mche hauyanywi maji kwa mizizi minene tunayoiona kwa urahisi, bali kwa vinyweleo vyembamba vilivyo karibu na ncha za mizizi, navyo hukatika kwa kutikiswa kidogo tu. Kwa hiyo mche uliohamishwa ni kama mtu aliyefika safari amechoka hata hawezi kufungua kinywa: maji yapo mbele yake, ila hawezi kuyanywa. Wakati huo majani yaendelea kutoa unyevu hewani kama jana na juzi, na hesabu haiwiani. Mche hurekebisha hesabu hiyo wenyewe kwa kuangusha majani kadhaa, yaani kwa kupunguza vinywa vya kulishwa, mpaka vinyweleo vipya viote. Sasa mwenye mche akimwaga maji leo, na kesho, na kesho kutwa, nafasi zote za hewa zilizomo udongoni hujaa maji. Mizizi nayo huvuta hewa, ikiikosa, huoza. Mzizi uliooza haunywi. Jani huzidi kulegea. Naye huzidi kumwagilia. Ndivyo mche ufavyo kwa kiu huku umesimama majini.

Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini. Dalili ya kupungukiwa na dalili ya kuzidishiwa ni dalili moja. Jani lenye kiu huinama, na jani la mche unaozama huinama vile vile. Anayetazama jani peke yake hawezi kujua lipi ni lipi, na dawa ya hili ni sumu ya lile. Hayo ndiyo ya maji. Tukianza kusema habari za mbolea inayotiwa siku ya pili ili mche upate nguvu, ikaunguza mizizi yenye vidonda, au habari za chungu kinachohamishwa asubuhi dirishani, mchana barazani na jioni chumbani, tutajaza ukurasa mzima.

Basi turudi kwenye deni. Wako watakaotuambia kwamba hakuna deni lolote. Mche hauna akili wala majonzi, haujui kwamba umehamishwa, haumngoji mtu. Anayesema adaiwa na mche aweza vile vile kusema adaiwa na jiwe la kusagia. Ukifa, mwenyewe atanunua mwingine, na aliyepata hasara ni mfuko wake tu. Hoja hii si ya kudharauliwa, wala hatutaijibu kwa kusema kwamba mche una nafsi kama ya mtu, maana hatuamini hivyo.

Lakini twaomba mwenye hoja hii autazame mpoinsetia wa pale kwenye uzio. Kiangazi kikija, mizizi yake hushuka chini na kwenda kando kutafuta unyevu, ikalizunguka jiwe, ikapita chini ya njia. Hakuna mtu aliyeitwa kuusaidia. Mwaka mbaya huangusha majani. Mvua zikirudi huchipua. Huo haumdai mtu kitu, na mtu akiumwagilia maji siku ya jua kali, amefanya hisani. Wa chunguni haufanani nao. Mzizi wake ukienda upande huu, wakuta ukuta wa udongo uliochomwa. Ukienda upande ule, wakuta ukuta. Ukishuka, wakuta kisahani. Ni nani aliyeziziba njia zile? Ni sisi. Haja yake ya kopo letu la maji si kitu ilichozaliwa nayo; tumeiumba sisi siku tulipoutia chunguni kwa ajili ya kupendeza macho yetu. Basi tunapomwagilia maji hatutoi zawadi, twalipa.

Na tofauti ya hisani na deni si ya maneno tu. Mtu anayedhani kwamba amefanya hisani hungoja shukrani. Aliyeununua mche wake ukiwa mwekundu, akauhamisha, akautunza miezi mingi, kisha ukabaki kijani, husema, "Nimeufanyia yote, nao haunipi kitu," na pengine huutupa jaani nyuma ya nyumba. Anayejua kwamba analipa deni hawezi kusema hivyo. Hakuna mdaiwa anayelipa shilingi zake kisha akamkasirikia mdai kwa kuwa hakucheza ngoma.

Hapo twakaribia lile lililotufanya tuandike. Kwa kawaida tukimwona mwenye bustani aliyeusahau mche ukakauka, twamlaumu. Tukimwona aliyeuzamisha kwa maji, twamhurumia. Twasema, "Maskini, aliupenda mno." Sisi twaona hukumu hii haina haki. Miche yote miwili imekufa, na wote wawili walikosa kitu kimoja: hawakuutazama. Yule wa kwanza hakuutazama kwa kuwa moyo wake ulikuwa mahali pengine. Yule wa pili alikuja kila siku na kopo mkononi, lakini alichokitazama kilikuwa hofu yake mwenyewe. Alipoona jani limelegea hakuweza kuvumilia kusimama tu. Alihitaji kufanya jambo, ili akilala usiku aweze kujiambia kwamba amefanya. Maji yale yalituliza moyo wa mmwagaji. Mche hayakuutuliza.

Tena hofu hiyo hupata msaada kwa majirani. Apitaye njiani akiona mche umelegea barazani, husema, "Je, mwenyewe hayupo?" Nani awezaye kuona kwamba mwenyewe yupo, na kwamba kutokumwagilia kwake leo ni kazi aliyoifanya kwa makusudi? Kujizuia hakuonekani, hakusifiwi. Anayebeba ndoo huonekana.

"Basi," msomaji atauliza, "tuache tu?" Hasha. Wavivu wangefurahi sana kama hilo ndilo fundisho letu. Tuwatazame watu wawili ambao siku ya Jumanne hawakutia maji chunguni. Mmoja amesahau. Wa pili alifika asubuhi, akatia kidole udongoni mpaka kiungo cha pili, akaona pana unyevu, akakiinua chungu kidogo kupima uzito wake, akatazama ncha ya shina kama ingali imara, kisha akaondoka. Ukiwatazama kwa mbali, matendo yao ni sawasawa: wote wawili hawakutia kitu. Lakini Alhamisi udongo ukiwa mkavu, wa pili atajua na kumwagilia, na wa kwanza hatajua. Tungesema kwamba kidole kile kilichotiwa udongoni ndicho malipo ya siku ile, na kwamba ni malipo kamili.

Kutazama kwa namna hii kwataka pia kuuliza kitu kilitoka wapi. Poinsetia asili yake ni Meksiko, na Waazteki walikuwa na jina lao la kuuita, cuetlaxochitl. Joel Roberts Poinsett, aliyekuwa mjumbe wa Marekani nchini Meksiko katika miaka ya 1820, aliipeleka miche yake kwao Marekani, na tangu hapo jina lake ndilo lililobaki juu ya ua. Mche ukasafiri, jina lake likaachwa nyuma. Na sisi tusicheke, maana yametupata yale yale. Katika misitu ya Usambara na ya Uluguru huota ua dogo la zambarau, lenye majani manene yenye manyoya laini, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alikusanya ua hilo kutoka Usambara na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland aliliandika kwa jina la Saintpaulia. Leo lakaa madirishani katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, nako huitwa urujuani wa Afrika. Sasa mtu wa huko akisikia neno "Afrika" huenda akafikiri kwamba lapenda jua kali, akaliweka penye jua la mchana, na majani yakaungua. Aliitazama Afrika iliyo kichwani mwake, asiutazame ule mwamba wa Uluguru wenye ukungu na maji yanayodondoka.

Poinsetia nayo ina siri yake iliyotoka nayo kwao, na siri hiyo yahusu usiku. Mwaka 1920 Garner na Allard, wataalamu wawili wa kilimo wa Marekani, walichapisha habari ya namna mimea ifuatavyo urefu wa mchana na usiku katika kuchanua. Baadaye ikajulikana kwamba lililo kubwa ni urefu wa giza. Poinsetia ni katika mimea isiyochanua wala kugeuka nyekundu mpaka ipate usiku mrefu, siku baada ya siku kwa majuma kadhaa, tena usiku usiokatizwa. Wakulima wa nchi za kaskazini, wanaotaka iwe tayari kuuzwa wakati wa Krismasi, huifunika kwa kitambaa cheusi ipate giza la saa 14 hivi kila siku. Huku kwetu, karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, usiku ulio mrefu kuliko wote ni wa mwezi wa Juni, nao hauzidi saa 12 na robo. Nafasi ni nyembamba. Taa ya barazani inayowaka usiku kucha yaweza kuifuta, na mche wenye afya njema ukakaa kijani mwaka mzima.

Twaomba msomaji atue kidogo hapa, maana twadhani hili ni gumu kuliko habari ya maji. Kuhusu maji, aliyezidisha alikosa kipimo cha kitu kilicho chema. Lakini kuhusu usiku, lile tunaloliita msaada, yaani mwanga, ndilo lizuialo. Mtu aliyeiacha taa iwake ili autazame mche wake hata usiku, kwa mapenzi tu, amefanya nini? Ameuzuia kuwa ulivyo. Mche huo hauhitaji kuongezewa kitu. Wahitaji aondoke na taa yake. Liko tunzo linalofanyika kwa kuzima taa na kufunga mlango, na wanaoliweza ni wachache, sisi walimu tukiwa wagumu kuliko wote, kwa kuwa tumezoeshwa kufikiri kwamba mahali tusipofundisha hapana linaloendelea.

Wazee wetu walilijua jambo hili walipofikiri juu ya wageni. Walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine huitumia methali hii kama fimbo ya kumfukuzia mgeni, na twaona wanaiharibu. Ndani yake mna kipimo cha muda. Siku mbili ni za kivuli: aliyefika amechoka, mizizi yake imekatika, asiombwe kitu. Siku ya tatu ni ya jembe: mwenyeji amwonyesha mgeni kwamba nguvu zake zahitajika, kwamba hapa si mahali pa kulishwa tu. Jembe likitolewa siku ya kwanza ni ukatili. Lisipotolewa siku ya kumi ni ukatili wa namna nyingine, maana mgeni huyo amefanywa kuwa mche wa chunguni.

Na hapa Mazimbu pana kisa ambacho mtu akifikiri habari za kuhamisha hawezi kukipita kimya. Mahali hapa palikuwa shamba la mkonge. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, nchini Afrika Kusini, waliandamana kuukataa ulazima wa kufundishwa kwa Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Na baada ya hapo vijana wengi wakaikimbia nchi yao. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikakipa chama cha ANC ardhi hii ya Mazimbu, na hapo kikajengwa chuo kilichoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa huko Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Hao walikuwa ni watu waliong'olewa kweli kweli, wengi wakiwa bado wadogo, mbali na mama zao na lugha zao.

Twatazama walivyopokelewa, na tunaona ndani yake ile methali. Walipewa ardhi na kivuli. Misaada ilitoka nchi nyingi, na wajenzi Watanzania walifanya kazi pamoja nao. Lakini hawakupewa maisha yaliyokwisha kupikwa. Walijenga mabweni na madarasa, wakalima, wakafuga, wakaanzisha karakana na hospitali na malezi ya watoto wadogo, na katika darasa walifundisha waliyoyaona yawafaa watoto wa nchi yao, badala ya elimu duni waliyokuwa wamewekewa na watawala wa huko. Mwenyeji hakuwapangia kila saa. Kuwaachia nafasi ile si jambo dogo kwa mwenye ardhi.

Hata hivyo tusipambe. Si kila aliyehamishwa alishika mizizi. Yako makaburi hapa Mazimbu ya watu waliofia ugenini, na hakuna mtunzaji awezaye kusema kwamba kwa uangalifu zaidi wasingekuwapo, wala hakuna awezaye kusema kinyume chake. Tena mfano wetu wa mche hapa hupungua, na yafaa tuseme unapopungulia. Mche haukumbuki Meksiko. Mkimbizi aikumbuka nyumba yake kila jioni, na kwake kushika mizizi sana ni jambo la kuogopwa, maana anayeshika mizizi atarudije? Anayemtunza mtu wa namna hiyo amtunza ili aondoke. Ndivyo ilivyokuwa: mwezi wa Februari 1990 ANC iliruhusiwa tena nchini kwao, watu wakaanza kurudi, na mwaka 1992 majengo yote yakakabidhiwa kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nayo yaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu. Safari hii jina halikuachwa nyuma.

Liko na jambo jingine linalomtenga mtu na mche: mtu huulizwa. Mche tunautia kidole udongoni kwa kuwa hauna kinywa. Mtoto mgeni bwenini, aliyetoka kijijini juu Uluguru juma lililopita na ambaye sasa ameketi peke yake chini ya mwembe, ana kinywa. Mwalimu wa zamu akimwona huona jani lililolegea, na mkono wake huwasha. Atamwita mbele ya wenzake amchekeshe; atamtia katika timu ya mpira bila kumwuliza; atamwandikia baba yake barua ya kutisha. Pengine mtoto ni mgonjwa, na hapo kungoja ni hatia. Pengine aona uchungu wa kudhihakiwa, na hapo pia kungoja ni hatia. Lakini pengine yuko katika zile siku mbili, vinyweleo vyake vinaota, na anachokitaka ni mwembe ule na kuachwa. Dalili ni moja. Mwalimu aliyekwenda akaketi karibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ungali wapumzika, au kuna linalokusumbua?" kisha akalikubali jibu lolote alilopewa, na kesho akapita tena, amefanya kile cha kidole udongoni. Kwa mche twasamehewa kubahatisha. Kwa mtu, aliyemzamisha kwa wema bila kumwuliza hana udhuru, maana jibu lilikuwa karibu naye kwa hatua tatu.

Limebaki swali moja ambalo tumelizungumza sana na wenzetu bila kuafikiana: deni hili hwisha lini? Wengine husema siku ile majani mapya yatokezapo juu, kwa kuwa hiyo ni alama kwamba mizizi imeshika. Sisi hatukubali. Majani mapya ni alama kwamba mbolea kidogo yaweza sasa kutiwa, na kwamba mche waweza kusogezwa juani hatua kwa hatua. Lakini ukuta wa chungu ungali pale pale, na maadamu ukuta upo, aliyeujenga adaiwa. Atadaiwa mwaka huu na ujao. Atadaiwa akisafiri, hata amtafute mtu wa kuutazama. Baada ya majani mekundu kuanguka atadaiwa kuyakata matawi ili yachipue upya, huku akijihadhari na utomvu mweupe, ambao watu husema unaua, nao hauui, ila huwasha ngozi na macho.

Ipo njia moja tu ya kulimaliza deni lote, nayo hapa Morogoro ni rahisi kuliko Ulaya penye theluji. Masika yakianza, mwezi wa Machi, mwenye mche huchimba shimo karibu na uzio, pana mara mbili kuliko chungu, akautia humo pamoja na udongo wake. Mche utalegea tena, kama ulivyolegea mara ya kwanza, naye atakuja tena kutia kidole udongoni asubuhi, mvua isiponyesha. Mwezi wa Juni, mvua zimekwisha na usiku umekuwa mrefu, atakuja kutazama kama ncha zageuka rangi. Kiangazi kifuatacho, pengine atapita siku nyingi bila kuutazama, na mche hautaangusha hata jani moja kwa sababu hiyo. Chungu atakisugua kwa mchanga, atakianika juani, na kukiweka nyuma ya nyumba kinywa kikielekea chini.